Aliyekosa kidonge hakujichoma mwiba

Mimba isiyotarajiwa ikitokea Tiwi, huku kwetu Kwale, hukumu hutoka mapema kuliko majibu ya kipimo. "Si alikuwa anameza dawa? Basi alisahau." Kesi imekwisha. Mume ananuna, mama mkwe anaguna, wenzake wa chama wanatikisa vichwa. Muuguzi naye, ambaye ndiye angepaswa kuelewa kuliko wote, humhoji mwanamke yule kama mwalimu aliyeletewa daftari lenye madoa. Mwiba wa kujichoma, wanasema, hauambiwi pole.

Hukumu hiyo naipinga. Kila anayemeza dawa kila siku husahau. Mzee wa presha husahau, mwenye kisukari husahau, na hatuwaiti wazembe. Kidonge cha kupanga uzazi kinapokosekana mpaka mimba ikaingia, mara nyingi pana mambo mawili nyuma yake ambayo mwanamke hakuyapanga. La kwanza, hakuna aliyemweleza afanye nini siku akisahau. La pili, pakiti mpya haikumfikia kwa wakati. Hilo la pili ndilo la hatari zaidi, na ndilo tusilolisema.

Tuishike pakiti yenyewe tuitazame. Zile za kawaida madukani na vituoni, kama Microgynon au Femiplan, zina vidonge 28 vilivyopangwa saba saba katika safu nne, na mishale midogo ya kuonyesha kipi kinafuata kipi. Vidonge 21 vya mwanzo vina homoni mbili, estrojeni na projestini. Saba vya mwisho, vile vya rangi ya udongo, havina homoni hata chembe. Ni madini ya chuma ya kuongeza damu, na vimewekwa pia ili mkono usiache mazoea. Katika wiki hiyo ndipo mwanamke huona siku zake.

Kazi kubwa ya zile homoni ni kuzilaza ovari zisipevushe yai. Ili zilale sawasawa, zinahitaji vidonge saba mfululizo. Zikikaa siku saba bila homoni huanza kugutuka. Sasa angalia hesabu yake: mapumziko ya vile vidonge vya udongo ni siku saba kamili, yaani pakiti imemfikisha mwanamke ukingoni na kumsimamisha pale. Akianza pakiti mpya siku ya nane, ovari hulazwa tena na hakuna kilichoharibika. Akichelewa siku mbili, tatu au nne, mapumziko yamekuwa ya siku tisa, kumi au kumi na moja, na hapo yai linaweza kupevuka.

Ndiyo maana vidonge havilingani uzito. Ukikosa cha udongo, hukupoteza kinga yoyote, kitupe uendelee. Ukikosa kimoja cha katikati ya pakiti, baada ya kumeza vingi vya nyuma bila kukosa, hatari yake ni ndogo mno. Lakini ukikosa vile vya mwanzo wa pakiti, au vya mwisho wa wiki ya tatu, umeyarefusha mapumziko. Wanawake wengi hufikiri kinyume chake. Huhofia sana kidonge cha katikati walichokikumbuka asubuhi yake, na hawana wasiwasi wakichelewa siku nne kuanza pakiti mpya, maana machoni pao hawakusahau chochote. Walikuwa wanangoja kwenda kituoni.

Wiki hiyo ya mapumziko nayo si amri ya maumbile. Kidonge kiliidhinishwa Marekani mwaka 1960, na waliokibuni, akina Gregory Pincus na daktari John Rock, walipanga mwanamke aendelee kuona damu kila mwezi ili dawa ifanane na mwendo wa asili. Rock alikuwa Mkatoliki, na alitumaini kanisa lake lingeikubali. Halikuikubali. Mwaka 2019 wataalamu wa afya ya uzazi wa Uingereza walisema wazi kwamba mapumziko ya siku saba hayana faida ya kiafya. Akina mama wa Pwani, kwa kweli, waliligundua hilo zamani: wapo wanaoruka vile vya udongo mwezi wa Ramadhani na kuunganisha pakiti mbili ili wafunge siku zote bila kukatiza. Kwa anayetumia vidonge vya homoni mbili, jambo hilo halina madhara, na kinga yake haipungui.

Baada ya hayo, maelekezo yanaingia akilini yenyewe. Haya hapa, nami nayaandika kwa ukamilifu kwa sababu nadhani gazeti lina wajibu huo pale kipande cha karatasi cha ndani ya boksi kinaposhindwa.

Ukikosa kidonge kimoja chenye homoni, au ukachelewa siku moja kuanza pakiti, kimeze mara tu unapokumbuka, hata kama itakubidi kumeza viwili siku hiyo hiyo. Endelea na pakiti kama kawaida. Huhitaji kinga nyingine.

Ukikosa viwili au zaidi mfululizo, meza kimoja papo hapo, vingine ulivyovikosa achana navyo, kisha endelea kimoja kila siku. Tumia kondomu, au msikutane kimwili, mpaka umeze vidonge saba mfululizo. Kama umevikosa katika wiki ya tatu, maliza vyenye homoni, vya udongo usivimeze, uanze pakiti mpya siku inayofuata. Na kama umevikosa katika wiki ya kwanza, au umechelewa siku mbili na zaidi kuanza pakiti, na mmekutana ndani ya siku tano zilizopita, hapo ndipo mahali pa dawa ya dharura, ile inayoitwa P2. Siku tano hizo zina sababu: mbegu ya mwanamume inaweza kuishi mwilini mwa mwanamke kiasi hicho, ikilingoja yai.

Ukitapika ndani ya saa mbili baada ya kumeza, meza kingine. Kutapika au kuhara kwa zaidi ya siku mbili huhesabiwa kama vidonge vilivyokosekana. Anayetibiwa kifua kikuu kwa rifampisini, au anayemeza baadhi ya dawa za kifafa, amwambie muuguzi, kwa kuwa dawa hizo hupunguza nguvu ya kidonge hata kama hajakosa hata kimoja. Mama anayenyonyesha aliyepewa vidonge vya homoni moja ana sheria kali zaidi: akishaanza kuona siku zake, kuchelewa saa tatu tu kunahesabika, na atahitaji kinga nyingine kwa siku mbili.

Hayo ndiyo yote. Mtu anaweza kuyaeleza kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Lakini mwulize mwanamke yeyote aliyeanza vidonge aliambiwa nini siku ya kwanza, atakujibu: "Meza kila siku, saa ile ile, usisahau." Maneno mazuri. Ila kumwambia mtu asisahau hakumsaidii siku ambayo ameshasahau. Siku hiyo hushika karatasi ya ndani ya boksi na kukuta herufi ndogo kama mchele, kwa lugha ya kigeni. Akiona haya kurudi kituoni, huuliza jirani. Jirani mmoja atamwambia ameze vyote alivyovikosa kwa mpigo. Mwingine atamwambia aache mpaka aone siku zake ndipo aanze upya. Huyu wa pili ndiye anayemtia mimba, kwa sababu kuacha pakiti katikati ni kuanza mapumziko mapya bila kinga yoyote.

Tuingie katika siku za mwanamke wa Tiwi zilivyo. Tiwi iko kwenye barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga, na ng'ambo ya mto Mwachema ni Diani yenye hoteli zake. Mwanamke anayesafisha vyumba au kuosha vyombo jikoni hotelini hana "saa ile ile." Wiki hii zamu yake inaanza alfajiri, wiki ijayo anatoka usiku wa manane. Kidonge cha saa mbili usiku kinamkuta mara mezani nyumbani, mara kwenye matatu ya Ukunda, mara kazini huku mkoba umefungiwa kabatini. Wageni wakiwa wengi, msimu ukichangamka, anaitwa siku yake ya mapumziko bila taarifa.

Ukija mwezi wa Ramadhani, aliyezoea kumeza adhuhuri anaamua peke yake: ahamishie kwenye daku au kwenye futari? Jibu ni kwamba vyovyote ni sawa. Kutoka saa sita mchana hadi kufuturu ni saa sita na kitu, na kidonge cha homoni mbili hakihesabiwi kuwa kimekosekana mpaka zipite saa 24. Wapo hata hivyo wanaoogopa na kuacha mwezi mzima.

Kisha kuna wanaomeza kwa siri. Tusijifanye hatuwajui. Pakiti hufichwa kwenye kopo la unga, ndani ya foronya, katikati ya leso zilizokunjwa, au huwekwa nyumbani kwa shoga. Shoga akienda matangani Lunga Lunga akalala siku tatu, pakiti imefungiwa ndani na mwenyewe anauzunguka mlango. Huyo utasema amesahau? Anakumbuka kila saa. Alichokosa ni mahali pa kuweka dawa yake pasipo hofu.

Nafika sasa penye msumari wenyewe, nao ni pakiti inayochelewa. Mwanamke hupewa pakiti moja, akibahatika tatu. Zikiisha afunge safari. Anayeishi karibu na kituo cha afya cha Tiwi atatembea. Wa vijiji vya ndani atalipa bodaboda kwenda na kurudi, na aliyeajiriwa atapoteza kibarua cha siku. Akifika akute foleni ya kliniki ya watoto, angoje. Akiambiwa vidonge vimekwisha, ajaribu wiki ijayo, ama apande gari hadi Msambweni au Kwale mjini, ama anunue kwenye duka la dawa kama mkononi ana kitu. Katika kuzunguka huko siku zinapita, na ni siku zile zile za baada ya vidonge vya udongo, ambazo mwili hauna subira nazo. Ghala likikauka kwa wiki moja, halichelewi kujaza mimba. Kisha tunasema alisahau.

Kwamba ghala linaweza kukauka si dhana. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya dawa za kupanga uzazi katika nchi kama yetu imenunuliwa kwa fedha za wafadhili, na mwaka 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, tuliona jinsi kamba hiyo ilivyo nyembamba. Shehena ya vidhibiti uzazi yenye thamani ya takriban dola milioni 9.7, iliyokwisha kulipiwa, ilikwama ghalani Ubelgiji huku serikali ya Marekani ikitangaza nia ya kuiteketeza. Uamuzi wa Washington unaishia kwenye rafu ya kituo cha kijijini, na mwanamke wa kijijini ndiye anayeulizwa mbona alichelewa.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mwanamke apewe vidonge vya hadi mwaka mzima kwa mara moja, yaani pakiti 13, kulingana na atakavyo na atakavyovitumia. Najua ghala la kaunti halimudu pakiti 13 kwa kila mtu kesho asubuhi. Lakini kati ya moja na 13 kuna tatu, kuna sita. Sheria ndogo tu ingebadilisha mengi: asiondoke mwanamke kituoni bila angalau pakiti moja ya akiba juu ya ile anayoitumia. Akiwa na akiba, foleni ikimshinda leo atakwenda kesho, na ovari zake hazitajua kwamba kulikuwa na foleni.

Usambazaji nao una njia. Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 nchini kote, watu wanaoingia nyumba kwa nyumba na mikoba yao ya vifaa. Hapa Kwale ni majirani zetu, wanazungumza Kiswahili na Kidigo, wanajua nani anaumwa na nani amejifungua. Mwanamke aliyekwisha kupimwa presha na kuulizwa maswali yake kituoni hana haja ya kurudi huko kila mwezi kwa ajili ya pakiti ya kuendelea tu. Mhamasishaji anaweza kumfikishia, na hapo hapo akamrudia lile somo la kidonge kilichokosekana. Jambo moja tu lisimamiwe kwa ukali, nalo ni siri. Mhamasishaji ni jirani, na jirani mwenye mdomo mwepesi anaweza kuvunja nyumba.

Wapo watakaoniuliza shida yote hii ya nini wakati kuna kijiti. Mgala muue na haki yake umpe: kijiti kinachopandikizwa mkononi hakisahauliki, hukaa miaka mitatu hadi mitano kutegemea aina yake, na katika wanawake 1,000 wanaokitumia kwa mwaka ni mmoja hivi tu anayeshika mimba. Vidonge vikimezwa bila dosari, chini ya mmoja katika wanawake 100 hushika mimba kwa mwaka. Vikimezwa kama binadamu wa kawaida anavyomeza, ni kama saba. Tofauti hiyo ni kubwa na mwanamke anastahili kuelezwa waziwazi. Si ajabu kwamba nchini Kenya sindano na vijiti vina watumiaji wengi kuliko vidonge.

Hata hivyo, kupanga uzazi si kazi ya kutafuta njia moja iliyo bora ukawapa wote. Kuna ambaye kijiti kilimtoa damu isiyokatika. Kuna anayetaka mtoto mwaka ujao na hataki kuomba mtu amkate ngozi ili akitoe. Kuna ambaye mume wake akiushika mkono tu atakigusa. Kidonge kina hadhi yake: anakianza mwenyewe, anakiacha mwenyewe, na uwezo wa kushika mimba hurudi mara moja. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya huduma za afya, zikiwemo za uzazi. Haki hiyo haina maana kama ukichagua kidonge unaachwa ujitegemee, na ukilalamika unaambiwa ungechagua kijiti.

Na katika kidonge kilichokosekana ndipo pia uvumi wetu mkubwa unapojikanyaga. Mitaani husemwa vidonge hujikusanya tumboni, vikarundikana kama kokoto, mwanamke akawa tasa. Kama vingejikusanya, kukosa viwili kusingekuwa na neno, maana akiba ingekuwa tele tumboni. Ukweli ni kwamba dawa hutoka mwilini upesi, na kwa sababu hiyo hiyo inabidi uirudie kila siku. Mwanamke aliyepata mimba baada ya kukosa vidonge ni ushahidi hai kwamba vidonge havimfanyi mtu tasa. Na kama aliendelea kumeza wiki mbili tatu bila kujua ana mimba, asiogope: hakuna ushahidi kwamba vidonge hivyo humdhuru mtoto. Aache kumeza, aanze kliniki.

P2 nayo isipewe kazi isiyo yake. Ni dawa ya kurekebisha ajali. Hufanya kazi kwa kuchelewesha yai, kwa hiyo kila saa ina thamani. Ni bora ndani ya saa 72, na nguvu yake hupungua kadiri siku zinavyosonga hadi ya tano. Haitoi mimba iliyokwisha kuingia. Anayeimeza kwa sababu ya vidonge alivyokosa anapaswa kuendelea na pakiti yake na kutumia kondomu siku saba. Muuza dawa wa Ukunda au Kombani anayemkabidhi msichana P2 bila kumwambia hilo amefanya nusu ya kazi.

Wanaume nao hawakosi pa kuingia. Dini isiwe kisingizio cha kutojua. Maswahaba wa Mtume walijulikana kufanya azl, yaani mume kumwaga mbegu nje ili kuepuka mimba, na Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliijadili kwa kirefu asiiharamishe. Miongoni mwa sababu alizozikubali ni mtu kuhofia mzigo wa watoto wengi. Yapo mengi ya kujadiliana na mashekhe, na mijadala hiyo ni halali, lakini mume wa Kidigo anayesema suala hili halimhusu hana pa kusimama. Ajue mkewe anameza nini na saa ngapi. Ajue kwamba ukitajwa mkoba uliobaki kazini kwa siku mbili, zamu ya kinga kwa siku saba zijazo ni yake, na kondomu inapatikana bure vituoni. Kazi yake si kuhesabu vidonge kama askari jela. Akilijua hilo tu, mkewe hatakuwa na haja ya kuficha pakiti kwa shoga.

Nchi hii ilianzisha mpango wa taifa wa kupanga uzazi mwaka 1967, ya kwanza kusini mwa Sahara. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alitarajiwa kuzaa watoto wanane. Utafiti wa 2022 ulikuta 3.4, na asilimia 57 ya wanawake walioolewa wanatumia njia za kisasa. Tumeshawashawishi wanawake, hilo halina ubishi. Kilichobaki ni kuwahudumia walioshawishika ili wasianguke njiani.

Afya imegatuliwa, na Kwale tangu 2022 inaongozwa na mwanamke, Gavana Fatuma Achani. Ofisi yake haihitaji kamati wala warsha ya siku tatu hotelini Diani. Inahitaji kadi moja ya ukubwa wa tiketi, kwa Kiswahili na Kidigo, yenye maelekezo ya kidonge kilichokosekana, ibandikwe nyuma ya kila pakiti inayotoka. Inahitaji agizo la pakiti ya akiba. Na kwa kuwa kila kituo kina daftari la waliopewa vidonge, liongezwe safu moja zaidi: waliokuja wakarudi mikono mitupu. Takwimu hiyo isomwe mbele ya wawakilishi wa wadi kila robo ya mwaka, kituo kwa kituo, pamoja na idadi ya siku ambazo ghala lilikaa tupu. Siku hizo zikihesabiwa hadharani, tutajua ni nani hasa aliyesahau.